Msuka Usioonekana

  

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya upanga. Pengine mmoja wenu atauliza, "Mchungaji na upanga, wapi na wapi?" Swali hilo ni halali. Nchi yetu inayajua maumivu ya panga. Hatujayasahau yaliyotupata mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa mwaka 2008, wala hatutaki mtu yeyote ayageuze maneno yetu yawe sifa ya kumwaga damu. Lakini upanga umetajwa katika Maandiko tangu lango la Edeni mpaka kitabu cha Ufunuo, na wengi wetu tunaposoma habari zake hatujui ni chombo cha namna gani. Tena, katika kazi ya kuupima upanga limo fundisho ambalo kila nyumba yaweza kulitumia. Basi tusikilizane.

Watu wengi hudhani kwamba upanga wa kale wa Ulaya, ule uliochukuliwa na mashujaa wapanda farasi miaka mia saba au mia nane iliyopita, ulikuwa mzito mno hata mtu wa kawaida asiweze kuuinua. Sinema ndizo zilizotufundisha hivyo. Lakini panga zenyewe ziko, nasi twaweza kuziuliza. Mwaka 1825 upanga mmoja ulitolewa katika mto Witham, huko Lincolnshire, Uingereza. Ni wa karne ya 13, na umehifadhiwa na British Museum mjini London. Urefu wake wote ni milimita 964, yaani haupungukiwi sana na mita moja. Na uzito wake? Ni kama kilo 1.2 tu. Wapendwa, pakiti ya unga wa ugali tunayoinunua dukani ina kilo mbili. Upanga ule wa shujaa ni mwepesi kuliko unga ambao mtoto wa darasa la tatu hutumwa kuuleta.

Siku hizi wako mafundi huko Ulaya na Marekani ambao kazi yao ni kutengeneza nakala za panga kama hizo. Nakala nyingine ni za kutundikwa ukutani. Nyingine ni za watu wanaojifunza upya ufundi wa kale wa kutumia upanga, wakifuata vitabu vilivyoandikwa zamani. Na hapa pana jambo litakalowachekesha makasisi wenzetu. Kitabu cha kale kuliko vyote vya Ulaya vya namna hiyo vinavyojulikana kimehifadhiwa na Royal Armouries, huko Leeds. Kiliandikwa Ujerumani katika miaka ya mwanzo ya karne ya 14, na kimejaa picha za mwalimu na mwanafunzi wake, kila mmoja ameshika upanga na ngao ndogo. Mwalimu huyo ni kasisi!

Basi tulipokuwa masomoni Uingereza, fundi mmoja wa kazi hiyo alituwekea mezani panga mbili, zote nakala za upanga wa kale, zote mpya. Mmoja uling'aa kama kioo, mpini wake umepakwa rangi ya dhahabu na kuchongwa vichwa vya simba. Wa pili ulikuwa wa kawaida tu: chuma cha kijivu, mpini wa mti uliovikwa ngozi, hauna pambo lolote. Akatuuliza, "Mngechagua upi?" Kisha, kabla hatujajibu, akasema, "Msichague bado. Jicho lina zamu yake, lakini jicho si hakimu wa mwisho."

Akaanza na jicho hilo hilo. Alitufundisha kuuinua upanga na kuutazama kwa urefu, kama seremala anavyotazama ubao kama umenyoka. Ubapa ule wa kawaida ulinyoka. Chuma kile kilichokingama juu ya mpini, ndicho kinachoufanya upanga ufanane na msalaba, kilikaa sawasawa na makali ya pande zote mbili. Kisha akatuambia tupime unene kwa vidole. Karibu na mpini ubapa ulikuwa na unene wa milimita tano hivi, ukaendelea kupungua polepole, hata karibu na ncha haukuzidi mbili. Lakini ule uliong'aa ulikuwa na unene mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho, kama pao la chuma la dirishani. Aliyeutengeneza alikata chuma, akakipa umbo la upanga, akaishia hapo.

Akatuonyesha pia ule mfereji mpana unaopita katikati ya ubapa. Wengi husema ni mfereji wa damu. Si kweli. Kazi yake ni kuupunguzia upanga uzito bila kuulegeza. Ninyi mnaoezeka nyumba mtaelewa kwa haraka. Bati lililo bapa hupinda likiinuliwa, bali bati lenye migongo husimama imara, ingawa chuma chake ni chembamba vile vile. Umbo hufanya kazi ambayo uzito ungeifanya.

Baada ya jicho, ikawa zamu ya mkono. Fundi akauweka ule upanga wa kawaida juu ya kidole kimoja, akausogeza mpaka ukatulia wala usiegemee huku wala huku. Mahali pale pa mizani palikuwa mbele kidogo ya mkingamo, kama upana wa vidole sita. Kile kirungu cha chuma kilichoko mwisho wa mpini ndicho kinachosaidia kuushikilia ubapa usiuvute mkono chini. Tulipoushika tulishangaa. Ulikuwa kama umezaliwa mkononi. Tulipotaka ncha iende kushoto, ilikwenda. Tulipotaka isimame, ilisimama. Lakini ule wa simba ulikaribia kilo mbili, na tulipoupunga mara moja uliendelea kwenda wakati sisi tumekwisha taka usimame.

Lakini fundi akatuonya. Alisema kwamba mizani nayo yaweza kununuliwa. Mtengenezaji mvivu hachukui taabu ya kupunguza unene wa ubapa. Hutia tu kirungu kizito nyuma, na upanga ukiwekwa juu ya kidole hutulia vizuri kabisa. Mnunuzi huridhika. Ukianza kuutumia ndipo unapojua. Fikirini mtu aliyebeba mtungi wa maji mbele na mwingine nyuma kwa mti uliolala begani. Mizigo yake inalingana, hilo ni kweli. Lakini mwambieni ageuke kwa haraka! Kulingana ni jambo moja, na wepesi wa kutii ni jambo lingine.

Hapa tuseme neno moja ili tusiwahukumu watu kwa kipimo kisicho chao. Kuna vyombo ambavyo uzito wake umewekwa mbele kwa makusudi. Panga la kufyekea ni hivyo. Sime ya Mmasai, iliyo pana karibu na ncha, ni hivyo. Katika kanisa kuu la Durham, kaskazini mwa Uingereza, umehifadhiwa upanga wa karne ya 13 uitwao upanga wa Conyers. Una makali upande mmoja, nao hupanuka kuelekea ncha. Mkulima wa kwetu angeutazama angekumbuka panga lake. Kwa karne nyingi askofu mpya wa Durham alipoingia dayosisi yake mara ya kwanza alionyeshwa upanga huo. Desturi hiyo ilikoma katika karne ya 19, ikafufuliwa mwaka 1984. Basi upanga wa namna hiyo haukukosewa kwa kuwa mzito mbele. Uliumbwa kwa kazi yake. Swali la haki si "Je, unafanana na mwingine?" bali "Je, unaiweza kazi uliyofanyiwa?"

Tuendelee. Baada ya mkono, fundi alitueleza habari za chuma chenyewe. Upanga wa simba ulikuwa wa chuma kisichoshika kutu. Kwa kisu cha jikoni chuma hicho kinafaa, maana kisu ni kifupi. Lakini kikifanywa upanga mrefu, kikapigwa kwa nguvu, huelekea kukatika. Upanga mwema hufanywa kwa feleji, nayo hushika kutu usipoitunza. Hupashwa moto mpaka iwe nyekundu, kisha huzamishwa ghafula. Hapo huwa ngumu sana, lakini ugumu wake ni kama wa kioo. Ukiiacha hivyo itavunjika. Kwa hiyo hurudishwa motoni mara ya pili, safari hii moto mpole, na moto huo wa pili ndio unaoifundisha saburi. Ukiupinda upanga wa namna hiyo, hupinda. Ukiuachilia, hurudi ukanyoka. Wahunzi wetu wa jua kali wanalijua jambo hili bila kusomeshwa na Mzungu. Wakitaka kufua panga au sime iliyo nzuri hutafuta springi kuukuu ya lori, maana wanajua ni chuma kilichokwisha zoea kubeba mzigo, kupinda na kurudi.

Kisha tukauliza, "Je, twaweza kuzijaribu zote mbili?" Nyuma ya karakana palikuwa na mikeka iliyoviringishwa na kulowekwa maji, ndiyo wanayoikata ili kujaribu makali. Fundi akauchukua ule wa kawaida, akapiga mara moja, na kipande cha juu kikaanguka kimya. Tukanyosha mkono kuuchukua ule wa simba. Akatuzuia. "Huo hapana," akasema. "Si mbele ya watu."

Tukashangaa. Ndipo akatoa sandukuni upanga wa tatu, ndugu wa ule wa simba, uliovunjika. Akauvua mpini wake, akatuonyesha msuka. Wakulima mnajua msuka wa jembe, ule mkia wa chuma unaoingia katika mpini. Upanga nao una msuka. Katika upanga mwema msuka ni chuma kile kile cha ubapa, hakikuungwa. Ni mpana penye mkingamo, hupita ndani ya mpini wote, hutokeza katika kirungu, na mwisho wake hupondwa kwa nyundo usitoke tena. Lakini katika ule uliovunjika, msuka ulikuwa kijiti cha chuma, chembamba kama kidole cha mwisho, kimechomelewa kwenye ubapa na kukazwa kwa nati. Ulikatika pale pale penye kiungo. Mpini ukabaki mkononi, na ubapa ukaruka.

Akatuambia maneno haya, na ndiyo tunayotaka mwende nayo leo. Alisema, "Upanga ukikatika hivi, aghalabu anayeumia si aliyeushika. Ni yule aliyesimama pembeni akitazama."

Wapendwa, tafakarini neno hilo. Mwenye upanga hubaki na mpini wake wa dhahabu mkononi. Aliyesimama pembeni, ambaye hakuuchagua, hakuununua, wala hakuulizwa, ndiye anayepata jeraha.

Basi tukamwuliza fundi, "Mtu atajuaje, maana msuka hauonekani?" Akajibu kwamba ziko dalili. Ukiupiga kirungu kwa kiganja, ubapa hutetemeka, na msuka uliolegea hujitangaza kwa kulialia ndani ya mpini. Tena muulize aliyeutengeneza. Fundi mwaminifu atakueleza msuka ukoje bila kukasirika. Hata atakuonyesha picha yake kabla ya kuuvika mpini. Lakini mtu akikusifia dhahabu kila unapomwuliza habari za msuka, rudisha fedha zako mfukoni.

Wala msidhani udanganyifu huu umeanza juzi. Kati ya karne ya 9 na karne ya 11 zilikuwako Ulaya ya kaskazini panga zilizotiwa jina Ulfberht kwenye ubapa. Zaidi ya mia moja zimepatikana. Mtaalamu wa madini Alan Williams alikichunguza chuma cha baadhi yake, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2009. Aliona kwamba nyingine ni za feleji bora kupita nyingi za wakati wake. Nyingine zina jina lilo hilo, ila alama ya msalaba katika maandishi imewekwa mahali pengine, na nyingi katika hizo ni za chuma duni. Fikirini mtu wa zamani zile, pengine aliuza ng'ombe zake ili aupate upanga wenye jina. Jina alilisoma kwa macho yake. Chuma hakuweza kukisoma. Akaenda nao vitani akiamini.

Sasa tugeukie nyumba zetu. Sisi nasi tunapimana kwa jicho. Kijana anakuja kuposa amevaa vizuri, anaongea vizuri, ana gari, tunasema, "Huyu anafaa." Mtu anataka uongozi katika parokia au katika kata, ana sauti kubwa na mkono mkunjufu siku ya harambee, tunampigia makofi. Mhubiri anakuja na jina kubwa limeandikwa kwenye mabango, nasi tunalisoma jina. Ni wangapi kati yetu wanaouliza habari za msuka? Msuka wa mtu ni lile neno alilolitoa akalitimiza hakuna anayemwona. Ni ile fedha ya kikundi aliyoirudisha kamili. Ni namna anavyosema na mkewe mlango ukifungwa, na mtumishi wa nyumbani wageni wakienda zao. Hayo hayang'ai. Lakini siku ya pigo, kila kitu kitashikwa na hayo tu.

Na siku ya pigo haina budi kuja. Hapana maisha ya kutundikwa ukutani. Ugonjwa utakuja, shamba litakosa mvua, kazi itapotea, mtoto atapotoka. Hapo ndipo kiungo kidogo kitakapojaribiwa. Nacho kikikatika, anayeumia ni aliyesimama pembeni: mtoto ambaye hakuwachagua wazazi wake, mjane aliyeweka akiba yake katika chama, Mkristo mchanga aliyetazama maisha ya mzee wa kanisa akadhani Injili ndiyo hiyo. Ndiyo maana hatuwezi kusema, "Mambo yangu ya siri ni yangu mwenyewe." Msuka uko ndani ya mpini, lakini ubapa uko mbele ya watu.

Mtakumbuka habari za Daudi alipokuwa akimkimbia Sauli. Alifika Nobu kwa kuhani Ahimeleki, hana silaha. Kuhani akamwambia kwamba upo upanga mmoja tu, ule wa Goliathi, nao ulikuwa umefungwa katika nguo na kuwekwa nyuma ya naivera. Daudi hakuomba kuufunua autazame kwanza. Aliukubali pale pale, tena akausifu kuliko zote, maana alikwisha ushika bondeni Ela. Mkono wake uliujua. Nasi tungependa wale wanaotujua kwa mkono, wale wanaokula nasi na kulala chini ya dari moja nasi, waweze kutushuhudia hivyo hata tukiwa tumefunikwa na nguo.

Neno moja la kumalizia juu ya chombo hiki. Usiku ule wa Gethsemane Petro aliuchomoa upanga, akamkata mtu sikio. Bwana wetu alimwamuru aurudishe alani, na yule aliyejeruhiwa, ambaye alikuwa mtumwa tu wa kuhani mkuu, akamponya. Tazameni huruma yake. Katika ghasia yote ile, alimwona mtu wa pembeni. Nasi tukijifunza kupima panga, tujifunze pia kumtazama yule aliyesimama karibu, kabla hatujainua mkono wala ulimi.

Tuombe. Ee Bwana, wewe unayeona ndani ya mpini, utuangalie mahali tusipoangaliwa na watu. Palipo na kiungo dhaifu, utufanye upya kwa moto wako, na moto wako wa pili uwe mpole. Uwalinde wote wanaosimama karibu nasi, wasije wakaumia kwa ajili yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mbaki na amani, wapendwa, hadi tutakapokutana tena.